Mlango Namba Elfu Tisa

Miaka kumi na tisa nilikuwa mkono
uliounganisha Naryn na dunia.
Ubao wa simu, tundu mia mbili.
Taa ikiwaka nauliza, "Nikupe nani?"
nachomoa hapa, nachomeka pale,
na mchungaji aliyeshuka na theluji mabegani
anamsikia bintiye akicheka kule Osh.
Kanuni ya kazi ilikuwa moja:
ukishawaunganisha, toka. Usiseme neno.

Kisha ubao ukapelekwa kwa wauza chuma chakavu
nami nikapelekwa nyumbani.

Sasa nina miaka hamsini na sita, dawati la mbele,
chuo cha ufundi, zamu ya jioni.
Koti sijalivua; bomba la joto limekufa tangu Jumatatu.
Mwalimu wetu Kubat ana umri wa kofia yangu.
Ananiita *eje*, dada mkubwa,
na sauti yake hujikunja kila anaponisahihisha.

Kebo hazikunisumbua.
Chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, bluu...
vidole vilikumbuka kabla yangu.
Vijana walipokuwa bado wanamenya plastiki kwa meno
mimi nilishabana vichwa sita.

Kilichoniliza ni anwani.
Kompyuta mbili, meza moja, waya mmoja,
na hazionani.
Naita: muda umekwisha.
Naita: muda umekwisha.
Kumbe tarakimu moja niliikosea,
na majirani wa ukuta mmoja
kila mmoja akadhani mwenzake yuko ng'ambo.
Nilicheka peke yangu. Nina shemeji wa namna hiyo.

Mwezi wa tatu tukaanza kuandika programu.
Kubat akachora ubaoni mashine mbili zikisalimiana:
Hodi.
Karibu, nami hodi.
Karibu.
Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, akasema,
asiyebisha hodi hapewi hata kifurushi kimoja.
Nikaandika mistari ishirini na miwili kwa vidole viwili.
Unda soketi. Ipe mlango, namba elfu tisa.
Sikiliza.
Pokea.

Ikafika kwenye *pokea*, ikasimama.
Kijana wa nyuma yangu akanyoosha shingo:
"Eje, imeganda."
Haijaganda, nikamwambia. Inasubiri.
Kama kuna kitu ninachokijua duniani
ni sura ya anayesubiri taa iwake.

Mwanangu Tilek anapakia malori Krasnoyarsk.
Nilimtumia anwani, nikampa saa.
Jioni ya kwanza: muunganisho umekataliwa.
Ya pili: umekataliwa.
Ya tatu Kubat akainama juu ya bega langu,
akanusa msimbo kama mtu anayenusa maziwa,
akaweka kidole kwenye mia moja ishirini na saba.
"Eje, hii ni anwani ya kujiita mwenyewe.
Umefungua mlango kutoka chumbani kwenda chumbani."

Nikaufuta. Nikaweka sifuri nne, maana yake: yeyote.
Akatoboa njia kwenye ruta, akanionya juu ya wezi,
akaenda kuvuta sigara.

Saa tatu na dakika kumi na moja
mshale uliokuwa umelala ukaamka.
Herufi zikaja, bila sauti, bila mkwaruzo wa waya,
bila ile pumzi ya mtu anayejiandaa kusema:

mama umekula?

Nikanyoosha mkono kujibu
na mkono ukakosa pa kushika.
Mistari ishirini na miwili yote inasikiliza.
Hakuna hata mmoja unaosema.
Nilikuwa nimeunda, Mungu wangu, nilikuwa nimeunda
mhudumu wa simu.

Nje mto umeganda kingo, katikati bado unakwenda.
Naandika wa ishirini na tatu.
Tuma: nimekula, nimekula supu, wewe je,
glavu zile zilifika?

Kosa, mstari wa ishirini na tatu.
Mabano hayajafungwa.

Ngoja, mwanangu.
Usikate.